James Legge

James Legge (20 Desemba 1815 – 29 Novemba 1897) alikuwa mmisionari, mwalimu na mtaalamu wa lugha ya Kichina kutoka Uskoti. Kati ya miaka 1840 na 1873 alifanya kazi Malaka na Hong Kong chini ya Shirika la Kimisionari la London. Baada ya kurudi nyumbani alikuwa profesa wa kwanza wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Oxford. Anakumbukwa hasa kwa kutafsiri kwa Kiingereza vitabu vya kale vya China, vikiwemo vile vya Konfusio na wafuasi wake.

Maisha ya awali

Legge alizaliwa katika mji mdogo wa Huntly, kaskazini mashariki mwa Uskoti. Familia yake ilisali katika kanisa huru lisilokuwa chini ya Kanisa rasmi la Uskoti. William Milne, mkuu wa kwanza wa Chuo cha Kiingereza na Kichina huko Malaka, alitoka eneo hilohilo, kwa hiyo habari za China hazikuwa ngeni kwa watoto wa Huntly.

Alisoma King's College, Aberdeen, akasifika kwa ujuzi wake wa Kilatini. Angeweza kubaki huko kama mwalimu wa chuo kikuu, lakini ingempasa kwanza kujiunga na Kanisa la Uskoti, naye hakutaka kubadili kanisa kwa ajili ya cheo. Alifundisha kwa muda mfupi shuleni Blackburn, akasomea theolojia katika chuo cha Highbury, kisha akajifunza misingi ya Kichina kwa Samuel Kidd mjini London.

Mwaka 1839 alimwoa Mary Isabella Morison na wote wawili wakapanda meli kwenda Asia. Ndio mwaka ambao Vita vya Afyuni vilianza kati ya Uingereza na China. Vita hivyo vilimfungia njia kijana mwingine wa shirika hilohilo, David Livingstone, aliyekuwa na nia ya kwenda China na badala yake akaja Afrika.

Mwalimu Malaka na Hong Kong

Legge alifika Malaka Januari 1840 na baadaye akawa mkuu wa chuo. Baada ya mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842 kuwapa Waingereza kisiwa cha Hong Kong, alikihamishia chuo huko mwaka 1843. Lengo lilikuwa kuwaandaa vijana wa Kichina kuwa wachungaji na wainjilisti.

Homa ilimrudisha Uingereza kwa mara ya kwanza kuanzia mwaka 1845. Alifuatana na vijana watatu wa Kichina waliosoma Huntly na kubatizwa huko, na mwaka 1848 walipokelewa na Malkia Viktoria. Mmoja wao, Song Hoot Kiam, baadaye aliishi Singapore. Mwanawe Song Ong Siang akawa mwanasheria mashuhuri wa mji huo.

Aliporudi Hong Kong, chuo hakikuzaa matunda aliyoyatarajia. Kiingereza kilikuwa na soko kubwa: kijana aliyekifahamu alipata kazi ya ukalimani au ukarani penye mshahara mzuri kuliko wa mchungaji. Mwaka 1856 Legge alikifunga chuo. Mwenzake He Jinshan, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Malaka, alikuwa mhubiri hodari na mfasiri wa Biblia, lakini watu wa aina yake walikuwa wachache.

Kwa mtu aliyevuka bahari ili kufundisha, kufunga chuo lilikuwa pigo. Hata hivyo hakuacha mambo ya elimu. Aliishauri serikali ya koloni ikusanye nguvu zake katika shule moja kubwa isiyoongozwa na kanisa, na Shule Kuu ya Hong Kong ilifunguliwa mwaka 1862 chini ya Mskoti mwingine, Frederick Stewart. Ni jambo la kushangaza kidogo kuona mmisionari akishauri kupunguza mamlaka ya makanisa juu ya shule.

Miaka hiyo ilikuwa na huzuni nyingi. Baadhi ya watoto wake walifariki wakiwa wachanga, na Mary mwenyewe alifariki mwaka 1852. Mwaka 1859 Legge alimwoa Hannah Mary Johnston, aliyekuwa mjane. Mwaka 1861 mwinjilisti Che Jinguang, ambaye Legge alimtembelea katika mji wa Boluo, aliuawa kwa sababu ya imani yake. Hong Rengan, aliyefanya kazi pamoja na Legge, aliondoka Hong Kong mwaka 1858 na kuwa kiongozi mkubwa wa uasi wa Taiping. Aliuawa na serikali ya China mwaka 1864.

Tafsiri za vitabu vya kale

Mapema katika kazi yake Legge aliona kwamba mgeni hawezi kuwafundisha Wachina bila kuvijua vitabu ambavyo wasomi wao walivikariri tangu utotoni, na ambavyo mitihani ya kuingia serikalini ilitegemea. Alizoea kuamka kama saa tisa usiku na kufanya kazi ya tafsiri kabla ya shughuli za misheni kuanza.

Juzuu mbili za kwanza zilitoka Hong Kong mwaka 1861. Kila ukurasa ulikuwa na maandishi ya Kichina, tafsiri yake na maelezo marefu. Gharama ya kuchapa ilibebwa na mfanyabiashara Joseph Jardine, ambaye kampuni ya familia yake ilitajirika kwa biashara ya afyuni. Legge mwenyewe aliipinga biashara hiyo waziwazi maisha yake yote.

Mwaka 1862 alipata msaidizi wa pekee, Wang Tao, msomi aliyekimbia Shanghai baada ya serikali kumshuku kuwa na uhusiano na waasi wa Taiping. Wang alimkusanyia maoni ya wafafanuzi wa karne nyingi. Legge aliporudi Uskoti mwaka 1867 na kukaa katika mji wa Dollar, Wang alimfuata huko na wakaendelea na kazi hadi mwaka 1870. Juzuu ya nne na ya tano zilichapwa Hong Kong mwaka 1871 na 1872. Wang Tao alibaki Hong Kong na mwaka 1874 akaanzisha gazeti la Kichina.

Kurudi nyumbani

Legge aliondoka Hong Kong moja kwa moja mwaka 1873. Hakwenda nyumbani kwa njia fupi. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa ameishi pembezoni mwa China, na sasa alitaka kuiona nchi ya vitabu alivyovitafsiri. Alifika Beijing, na kwenye madhabahu ya Hekalu la Mbinguni alivua viatu kabla ya kupanda, kwa sababu aliamini kwamba Mungu aliyeabudiwa hapo tangu kale kwa jina la Shangdi ndiye Mungu wa Biblia. Alipanda mlima Taishan, akazuru kaburi la Konfusio huko Qufu, kisha akasafiri kupitia Japani na Marekani.

Tendo lake la hekaluni liliwaudhi wamisionari wengi. Mwaka 1877 aliupelekea mkutano wa wamisionari mjini Shanghai makala kuhusu dini ya Konfusio na Ukristo, na mkutano ukakataa kuiingiza katika kumbukumbu zake. Wengine walimwandikia Max Müller, mhariri wa mfululizo wa Vitabu Vitakatifu vya Mashariki, wakilalamika kwamba Legge alitafsiri jina Shangdi kwa neno la Kiingereza la Mungu. Müller alimtetea.

Oxford

Mwaka 1876 Legge alianza kufundisha Oxford, akiwa mwanachama wa Corpus Christi College. Baadhi ya fedha za kuanzisha uprofesa huo zilitoka kwa wafanyabiashara wenye shughuli China. Miaka michache kabla yake mtu wa kanisa huru asingeweza kupewa nafasi kama hiyo: kizuizi hicho kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1871.

Wanafunzi wake walikuwa wachache sana, kwa hiyo muda mwingi ulikwenda kwenye meza ya kazi. Kwa Müller alitafsiri Yijing, yaani Kitabu cha Mabadiliko (1882), Kitabu cha Adabu na Desturi (1885) na maandiko ya Kidao (1891). Mwaka 1886 alitoa tafsiri ya safari za Faxian, mtawa Mbuddha aliyekwenda India.

Badiliko kubwa zaidi liko katika toleo jipya la juzuu zake za kwanza, lililoanza kutoka Oxford mwaka 1893. Katika toleo la 1861 alikuwa amemhukumu Konfusio kwa ukali, akikataa kumhesabu miongoni mwa watu wakuu. Sasa, akiwa mzee wa karibu miaka 80, aliandika upya sehemu hiyo na kukiri kwamba heshima yake kwa Konfusio ilikuwa imekua kadiri alivyomsoma, na kwamba alikuwa mtu mkuu kweli. Hakuacha Ukristo wala kujutia kazi ya misheni.

Hannah alifariki mwaka 1881. Legge aliendelea kufundisha hadi kifo chake Oxford mwaka 1897, akazikwa katika makaburi ya Wolvercote. Nafasi yake ilichukuliwa mwaka 1899 na Thomas Lowndes Bullock, aliyewahi kuwa balozi mdogo wa Uingereza nchini China.