Mgeni wa Usambiro

Soma Mambo ya Walawi 19:33, 34 na Warumi 12:13–20.

Alexander Mackay alizaliwa Scotland mwaka 1849, mtoto wa mchungaji, akasomea uhandisi. Alifika Buganda mwaka 1878 kwa utumishi wa misheni ya Kianglikana, akiwa amekwisha kufyeka barabara kutoka Saadani pwani hadi Mpwapwa. Mikono yake ndiyo iliyompatia nafasi kwa wenyeji: alifua chuma, alichapa vitabu, alitengeneza kilichovunjika. Lakini alikuwa mgeni, na mgeni hukaa kwa ridhaa ya mwenye nchi. Kabaka Mwanga alipotawala, vijana watatu wa misheni waliuawa Januari 1885, na mwaka uliofuata wengi wakachomwa moto Namugongo. Mwaka 1887 Mackay naye akaondoshwa.

Alivuka ziwa hadi Usambiro, kusini kabisa, upande huu wetu wa Mwanza. Hapo alianza upya. Mtu aliyekwisha kujifunza Kiganda alijikuta tena kati ya watu wa lugha nyingine, akitegemea ruhusa ya mtemi wa mahali pale. Akafyatua matofali, akajenga nyumba na karakana, akaendelea kutafsiri Injili ya Yohana kwa Kiganda. Pia alizika. Machi 1888 Askofu Parker alifia hapo hapo Usambiro, miezi michache tu baada ya kuwasili.

Kisha mwaka 1888 mambo ya Buganda yakageuka. Mwanga alipinduliwa mwezi Septemba, na mwezi uliofuata wamisionari wote, Waprotestanti na Wakatoliki, wakafukuzwa pamoja katika mashua moja, Eleanor. Njiani kiboko aliitoboa, na baadhi ya wanafunzi wakazama. Waliosalia waliiziba mashua wakaja nayo Usambiro wakiwa hawana kitu.

Mackay hakuwa mtu mpole katika mabishano. Kwa miaka kadhaa alikuwa amebishana na mapadre wa Kifaransa mbele ya Kabaka Mutesa, na si kwa maneno matamu. Waganda waliosikiliza walishangaa Wakristo kutoelewana hivyo. Sasa mapadre wale wale walikuwa mlangoni pake, wamelowa na wana njaa. Aliwapokea, akawalisha na kuwavisha, hadi walipoweza kwenda kwa wenzao wa Bukumbi. Waganda waliokimbia nao walipata makao Usambiro. Walisoma katika lugha yao, tena walifanya kazi pamoja naye. Hakuwaweka tu kama watu wa kulishwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa Mwanga mwenyewe. Mfalme aliyewafukuza wengine naye alikuwa mkimbizi. Alikimbilia Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, akateseka, akatoroka hadi misheni ya Wakatoliki huko Bukumbi. Wale ambao waumini wao aliwachoma moto walimfungulia mlango. Kutoka huko alimwandikia Mackay akiomba msaada. Ni vigumu kufikiri Mackay aliisoma barua hiyo bila kuwakumbuka vijana watatu wa mwaka 1885. Hata hivyo, Wakristo wa Buganda walipoamua kumrudisha Mwanga na kuomba walimu, Walker na Gordon, waliofika Usambiro kwa mashua ile iliyotobolewa, walirudi kwao mwaka 1889.

Mackay alibaki. Agosti ile Stanley alifika kutoka kaskazini pamoja na Emin Pasha na mamia ya watu waliochoka, wakakaa kwake karibu majuma matatu. Stanley alimsihi waende wote pwani apumzike. Alikataa, kwa kuwa hapakuwa na wa kumpokea kazi.

Februari 1890 homa ilimshika. Mwenzake Deekes, aliyekuwa mgonjwa na tayari kuondoka, aliahirisha safari ili amuuguze. Mackay alifariki akiwa na umri wa miaka 40, akazikwa Usambiro. Mwaka 1927 mifupa yake ilivushwa ziwa tena, ikazikwa Namirembe, katika nchi iliyomfukuza.