Robert Koch na papasi wa njia ya Morogoro

Mwanamke anapopoteza mimba ya kwanza, ya pili, hata ya tatu, mara nyingi lawama humwangukia yeye. Huulizwa amevunja mwiko gani, au nani amemroga. Leo tunamwangazia daktari aliyesisitiza kwamba chanzo cha ugonjwa hutafutwa kwa macho, si kwa kudhania.

Robert Koch alizaliwa mwaka 1843 huko Clausthal, Ujerumani. Mwaka 1882 alitangaza kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu, na jina lake likaenea duniani.

Mwaka 1905 alikuja Tanganyika, wakati huo ikiwa koloni la Ujerumani, kuchunguza homa inayoshika, ikaacha, kisha ikarudi. Njia ya misafara iliyotoka Dar es Salaam kwenda bara ilipita Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Kwenye njia hizo Koch alikusanya papasi, wale kupe wanaojificha mchana kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, usiku wakatoka kunyonya damu. Kwa hadubini aliona ndani yao bakteria waliojisokota, hata kwenye mayai. Maana yake, papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa.

Wakati huohuo, Joseph Dutton na John Todd walifikia jibu hilo mashariki mwa Kongo. Dutton aliugua homa hiyohiyo akafariki Februari 1905.

Koch aliona wenyeji wengi hawaugui sana, akaamini wamepata kinga tangu utotoni. Baadaye ilibainika kwamba kinga hiyo haimtoshi mjamzito. Bakteria hao huweza kuvuka kondo la nyuma, na mimba ikaharibika au mtoto akazaliwa njiti. Utafiti wa miaka ya 1990 nchini Tanzania ulionyesha hatari hiyo.

Koch naye alikosea. Kati ya 1906 na 1907, katika Visiwa vya Ssese, Uganda, dawa aliyowapa wagonjwa wa malale iliwapofusha baadhi yao. Alifariki mwaka 1910.

Homa ya papasi ni chanzo kimoja tu. Mimba zikiharibika mara kwa mara, madaktari hupima pia kaswende, kisukari, homoni, kuganda kwa damu, umbo la kizazi, na kromosomu za wazazi wote wawili. Mjamzito mwenye homa inayorudi, ambaye kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, aombe damu yake iangaliwe tena kwa hadubini wakati homa imepanda.