Frederick Grinnell, mhandisi aliyefanya maji yangojee moto kwenye dari

Wafanyabiashara wengi wa Butembo na Beni wanaosafiri kununua bidhaa Kampala, Dubai ama Guangzhou wamekwisha kulala chini ya kazi ya Frederick Grinnell bila kumjua. Ni kile kichwa kidogo cha chuma kinachochungulia kwenye dari ya chumba cha hoteli, mara nyingi kikiwa na kichupa chekundu katikati. Ni kinyunyizio cha moto. Mwamerika huyo, aliyekufa mwaka 1905, hakuwa wa kwanza kukibuni. Lakini ndiye aliyekifanya kiaminike: kifunguke upesi nyumba inapowaka, na kikae kimya siku nyingine zote.

Kutoka treni hadi mabomba

Grinnell alizaliwa mwaka 1836 New Bedford, katika jimbo la Massachusetts, mji wa bandari uliotajirika kwa kuwinda nyangumi, ambao mafuta yao yaliwasha taa za wakati huo. Alisomea uhandisi katika shule ya Rensselaer, jimbo la New York, akamaliza mwaka 1855 kabla ya kutimiza miaka 20. Alifanya kazi kwenye reli na katika viwanda vya kutengeneza vichwa vya treni. Mwaka 1869 alinunua sehemu kubwa ya kampuni moja ya Providence, Rhode Island, iliyokuwa ikiweka mabomba ya mvuke na gesi viwandani.

Wateja wake wakubwa walikuwa viwanda vya pamba. Hayo yalikuwa majengo ya etaji nyingi, sakafu za mbao zimelowa mafuta ya mashine, vumbi la pamba hewani, na taa za moto ndani. Cheche moja ilitosha. Miaka hiyo hiyo moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Chicago, mwaka 1871, na katikati ya Boston, mwaka 1872.

Kinga iliyokuwepo ilikuwa bomba lenye matundu lililopitishwa chini ya dari. Moto ukizuka, mtu alipaswa kukimbia kufungua vali. Kama ni usiku na hakuna aliyeona, maji hayakutoka. Na yakifunguliwa, yalimwagika kila upande, hata mahali pasipo na moto. Kitambaa kilichookoka kwenye moto kiliharibiwa na maji.

Hofu mbili za mwenye mali

Mwaka 1874 Henry Parmelee, mwenye kiwanda cha piano mjini New Haven, alipata hati ya uvumbuzi kwa kichwa kilichozibwa kwa kifuniko kilichoshikizwa na madini laini. Joto la moto liliyeyusha madini hayo, kifuniko kikatoka, maji yakamwagika bila mtu kugusa kitu. Kampuni ya Grinnell ilikubali kuvitengeneza na kuviweka viwandani.

Grinnell aliona udhaifu wake. Maji ndani ya bomba yaligusana na kifuniko na kukipoza, kwa hiyo madini yalichelewa kuyeyuka wakati moto ukizidi. Mwaka 1881 alipata hati ya kichwa chake mwenyewe. Sehemu inayoyeyuka aliitoa nje, mbali na maji, ili ipate joto haraka. Vali aliiweka juu ya kiwambo chembamba cha chuma, kwa namna ambayo msukumo wa maji wenyewe uliibana izidi kuziba. Kwa hiyo mabadiliko ya nguvu ya maji hayakuweza kukifungua. Ni joto tu. Chini yake aliweka kisahani chenye meno cha kutawanya maji kama mvua.

Mabadiliko hayo yalijibu hofu mbili za wenye viwanda: ya kwanza, kwamba kifaa kingechelewa, ya pili, kwamba kingefunguka siku isiyo na moto na kulowesha bidhaa za miezi mingi. Makampuni ya bima, yaani asiransi, yaliyoanzishwa na wenye viwanda wenyewe yalipunguza malipo kwa waliokuwa na vinyunyizio, na hilo liliwashawishi wengi. Kampuni ya Mather & Platt ya Manchester ikakipeleka kifaa hicho katika viwanda vya Uingereza.

Mwaka 1890 Grinnell alileta kichwa chenye vali ya kioo. Kwa sehemu zenye barafu, ambako maji yakiganda hupasua mabomba, alitengeneza vali inayoacha mabomba yakiwa na hewa tu hadi kichwa kifunguke. Alikufa akiwa na hati za uvumbuzi karibu 40 juu ya vinyunyizio.

Kinavyofanya kazi leo

Baada ya kifo chake, kichupa cha kioo kilichukua nafasi ya madini laini katika vichwa vingi, lakini wazo ni lile lile. Ndani ya kichupa mna maji maji ya rangi. Joto likipanda, yanavimba, yanapasua kioo, kizibo kinaanguka na maji yanatoka. Rangi inaonyesha kiwango cha joto: ya machungwa hupasuka kwenye nyuzi 57, nyekundu 68, manjano 79, kijani 93 na buluu 141.

Kila kichwa kinasubiri joto lake chenyewe. Katika filamu vyote hufunguka pamoja, lakini katika mfumo wa kawaida kinafunguka tu kile kilicho juu ya moto, na mara nyingi kichwa kimoja ama vichache vinatosha. Moshi wa sigara ama wa chakula kilichoungua haukifungui, kwa sababu hakipimi moshi.

Namna ya kuepuka kukifungua bure

Kosa la kwanza ni la wageni wa hoteli: kutundika shati juu ya kichwa hicho. Uzito ama mvuto mdogo unaweza kuvunja kichupa, na chumba kikajaa maji meusi ya bomba ndani ya dakika chache.

Pili, joto la karibu. Mbabula ya makala, resho ama taa kali isiwekwe chini yake. Karibu na jiko ama chini ya bati linalochomwa na jua, fundi aweke kichwa cha kiwango cha juu zaidi.

Tatu, kugongwa. Ngazi, mbao ndefu na magunia yanayorushwa deponi hukivunja. Bidhaa zikomee sentimita 45 chini ya kichwa, ili zisikiguse na maji yapate nafasi ya kutawanyika. Nne, kisipakwe rangi wakati wa kupaka dari, maana rangi hukichelewesha ama kukizuia kabisa.

Kikifunguka hakijizibi. Kinazuiwa kwenye vali ya jengo, kwa hiyo mlinzi na msimamizi wajue ilipo. Kama kuna moto, isifungwe mpaka ihakikishwe umezimika. Kichwa kilichopasuka hakirudishwi. Kinabadilishwa na kipya cha kiwango kile kile.

Somo kwa Kamango na Butembo

Hatari aliyopambana nayo Grinnell haijaisha. Nairobi, Januari 2009, watu zaidi ya 20 walikufa katika moto wa duka la Nakumatt katikati ya mji. Dar es Salaam, Julai 2021, moto uliunguza jengo la soko kuu la Kariakoo. Na depo ya mbao iliyojaa kakao kavu na magunia huko Kamango, katika usultani wa Watalinga, haitofautiani sana na kiwanda cha pamba cha wakati wake.

Kwa wanaojenga hoteli na magaleri ya etaji Butembo na Beni, swali la kwanza si bei ya vichwa bali ni maji. Kinyunyizio kinahitaji maji yenye msukumo saa zote, hata umeme ukikatika. Tangi kubwa lililoinuliwa juu ya jengo ama kilimani linaweza kusaidia, likiwa limepimwa na fundi anayeijua kazi hiyo na maji yake hayatumiwi kufulia wala kupikia. Bila maji hayo, vichwa vya kwenye dari ni pambo tu.