Bruce Lee na Mtindo Usio na Mtindo

Wahenga walituusia tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Leo nataka kumsimulia mtu ambaye, ukimtazama kwa haraka, utasema aliutupa mbacha wake na bado akasifiwa ulimwengu mzima. Naye ni marehemu Bruce Lee, bingwa wa kung fu na mchezaji filamu.

Mimi nilimwona nikiwa mtoto, katika sinema moja ya Mombasa, yeye akiwa keshafariki zamani. Tulitoka mle ndani tukirusha mateke hewani hadi nyumbani. Miaka hiyo niliamini kwamba alikuwa na mtindo wake wa siri, na kwamba atakayeujua hatashindwa na mtu. Nilipokuwa kijana nikaambiwa kinyume chake: kwamba Bruce Lee hakuwa na mtindo wowote, bali alikuwa na falsafa. Nilifurahi mno. Nilikuwa naanza kutunga mashairi, na vina na mizani vilikuwa vimenichosha. Basi nikavitupa vyote, nikajiita mtu huru.

Msomaji mpenzi, hebu tuyatazame maisha yake ndipo tuhukumu.

Bruce Lee alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940, wakati baba yake, mwimbaji wa michezo ya jukwaani ya Kikantoni, alipokuwa ziarani huko. Alilelewa Hong Kong, na tangu utotoni akacheza filamu. Alikuwa kijana mtundu wa kupigana mitaani. Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi alianza kufunzwa kung fu ya aina ya Wing Chun chini ya mwalimu Ip Man. Wing Chun ni fani ya karibu kwa karibu: mikono hugusana na ya adui, na ngumi hupita njia fupi katikati ya kifua. Kijana yule aliirudia miaka kadhaa. Fauka ya hayo, alikuwa mcheza dansi hodari, na mnamo 1958 alishinda mashindano ya cha-cha pale Hong Kong.

Mwaka 1959 wazazi wake walimrudisha Marekani. Alifanya kazi katika mkahawa mjini Seattle, akaingia chuo kikuu cha Washington, akasoma falsafa, na akafungua chuo cha kufundisha kung fu. Mwaka 1964 alimwoa Linda Emery, wakahamia Oakland.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililomgeuza. Mwishoni mwa 1964 alipigana faraghani na Wong Jack Man, bingwa mwingine wa kung fu. Masimulizi ya pambano hilo yanapingana mpaka leo. Lakini lisilo na shaka ni kwamba Bruce Lee hakuridhika na nafsi yake. Aliona pumzi zilimwishia mapema, na kwamba aliyofunzwa hayakumtosha mtu alipomkimbia. Tangu hapo akaanza kujipima upya. Alitazama filamu za Muhammad Ali jinsi anavyochezesha miguu, akasoma vitabu vya ndondi na vya mchezo wa kupigana kwa vitara wa Wazungu, akajizoeza mbio na vyuma. Lenye manufaa alilichukua, lisilomfaa akaliacha.

Mwaka 1967 aliyapa mafunzo yake jina la Jeet Kune Do, yaani njia ya ngumi inayomkatiza adui kabla pigo lake halijafika. Ajabu ni kwamba jina hilo lilikuja kumtia wasiwasi. Alichelea watu wasije wakaligeuza kuwa mtindo mwingine, wakalisujudia badala ya kujitafuta wenyewe. Mwaka 1970 akavifunga vyuo vyake. Mwaka huohuo aliumia mgongo alipokuwa akiinua vyuma, akalala miezi mingi, naye akautumia muda ule kuandika fikira zake.

Kisha zikaja filamu zilizomtangaza duniani, tangu The Big Boss ya 1971 hadi Enter the Dragon. Hakuwahi kuiona hiyo ya mwisho ikivuma, kwani tarehe 20 Julai 1973 alifariki Hong Kong kwa kuvimba ubongo, akiwa na umri wa miaka 32. Kaburi lake liko Seattle.

Alipoondoka tu, wanafunzi wakagawanyika. Wako waliosema kwamba Jeet Kune Do ni yale aliyoyafundisha mwenyewe, yasiongezwe wala yasipunguzwe. Wengine, pamoja na Dan Inosanto aliyekuwa mwanafunzi na msaidizi wake, wakaendelea kuongeza fani za Ufilipino na za kwingineko. Alichokichelea marehemu kikamfuata kaburini.

Nami je? Mzee mmoja wa fani aliyasoma mashairi yangu huru, akanyamaza. Kisha akaniomba nimtungie ubeti mmoja tu wa tarbia, uliotimia vina na mizani. Nilikaa siku tatu, kituo kikanishinda. Haya iliyonishika siku ile ningali naikumbuka. Kumbe nilikuwa nimekitupa nisichokuwa nacho! Bruce Lee aliiacha Wing Chun ikiwa imekwisha kumkaa mwilini, na hata alipoiacha, ile ngumi ya njia fupi haikumtoka.

Chuoni tulifunzwa alifu kwa kushikwa mkono juu ya ubao, sote tukiifuatisha ile moja ya mwalimu. Leo kila mmoja wetu ana hati yake, na barua ikifika twamjua mwandishi kabla ya kusoma jina. Lakini hapana hata mmoja ambaye alifu yake husomeka be. Mtindo ndio ule mkono wa mwalimu, na falsafa ndiyo hati yako. Nilirudi kwa yule mzee, nikaanza upya kuhesabu mizani.