Wauza glavu waliovusha 'Usiku Mtakatifu'

Joseph Mohr alizaliwa mwaka 1792 mjini Salzburg, katika Austria ya leo, mtoto wa mfumaji maskini na askari mtoro. Akiwa padri kijana, mwaka 1816 alitunga shairi. Mkesha wa Krismasi wa 1818, huko Oberndorf, alimpa mwalimu Franz Xaver Gruber alitilie muziki, wakaliimba pamoja kwa gitaa.

Waliouvusha mpaka ni wafanyabiashara. Familia ya Strasser, wauza glavu kutoka Tyrol, waliuimba Leipzig, Ujerumani, walikopeleka bidhaa sokoni miaka ya 1830. Wimbo ukaenea, jina la mtunzi likabaki nyuma. Mohr alifariki Wagrain mwaka 1848, hana mali. Mwaka 1854 Gruber aliandika maelezo yaliyomrudishia haki yake.