Tilman: Theluji ilimrudisha Kilimanjaro, baiskeli ikamvusha Afrika

Mtwara hakuna theluji. Kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma ni mchanga, minazi na jua. Lakini baiskeli ipo kila kijiji. Inabeba korosho, inabeba ndoo za maji, inabeba samaki kabla hawajaharibika, na siku mbaya inabeba mgonjwa.

Kwa hiyo habari za Harold William Tilman mtu wa huku anaweza kuzielewa haraka. Mwingereza huyu alisukumwa nyuma na theluji ya Kilimanjaro mwaka 1930, akarudi miaka mitatu baadaye na kufika kileleni peke yake. Kisha akanunua baiskeli ya pauni 6 mjini Kampala, akakanyaga mpaka pwani ya Atlantiki.

Safari hiyo ilikuwa ya takribani kilomita 4,800. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560. Piga hesabu: ni sawa na kwenda Dar na kurudi mara nne, na chenji inabaki.

Kutoka vitani hadi shambani

Tilman alizaliwa tarehe 14 Februari 1898 huko Wallasey, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sukari mjini Liverpool. Akiwa na miaka kama 18, kijana huyo alikuwa tayari yuko Ufaransa kwenye kikosi cha mizinga, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea. Alijeruhiwa, akapona, akarudi mstari wa mbele. Alitunukiwa medali ya Military Cross mara mbili.

Vita ilipoisha hakutaka kukaa ofisini. Serikali ya Uingereza ilikuwa inagawa mashamba Kenya kwa askari wake wa zamani kwa bahati nasibu. Tilman akashinda, na mwaka 1919 akashuka Mombasa.

Shamba lake lilikuwa upande wa Kericho. Kwake ilikuwa bahati, lakini kwa Wakipsigis wa eneo hilo ilikuwa hasara, maana ardhi waliyokuwa wakichungia ng'ombe ilikatwa na kupewa wageni. Upande huo wa hadithi nao usisahaulike.

Alianza na kitani, bei ikaanguka. Akahamia kahawa. Miaka zaidi ya kumi ikapita akifyeka, akipanda na kuvuna.

Kibo yamgomea

Mlima ulimwingia akiwa na miaka zaidi ya 30. Alimfahamu Eric Shipton, kijana mkulima mwenzake ambaye mwaka 1929 alikuwa amepanda Mlima Kenya. Mapema mwaka 1930 wawili hao wakaenda Kilimanjaro, wakati huo ikiwa Tanganyika chini ya Waingereza.

Huko Kibo wakakutana na theluji nyingi, laini, ya kuzama. Kwa mtu wa pwani, hebu fikiria kutembea kwenye mchanga mkavu wa Msimbati saa sita mchana. Kila hatua unazama, unarudi nyuma nusu yake. Sasa ongeza baridi kali, ukungu, na hewa nyepesi isiyojaza kifua.

Walifika ukingo wa krateri. Kilele chenyewe, ambacho leo kinaitwa Uhuru chenye mita 5,895, hawakukifikia. Wakageuka.

Hawakwenda nyumbani kulalamika, lakini. Walihamia Mawenzi, kilele cha jirani chenye miamba mikali, wakakipanda. Agosti mwaka huohuo wakaenda Mlima Kenya na kupanda kwa ukingo wa magharibi ambao hakuna aliyewahi kuupita. Mwaka 1932 wakawa Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, wakifika vilele vyenye theluji katikati ya mvua na matope.

Ajali

Mwaka huohuo wa 1932 Tilman alikwenda likizo Uingereza. Wakiwa wanapanda mwamba katika milima ya Lake District, wenzake na yeye walianguka. Rafiki yake mmoja alifariki. Tilman mwenyewe aliumia mgongo, lakini alijikokota kilomita kadhaa kutafuta msaada.

Madaktari walimwambia kupanda milima basi. Hakuwasikiliza. Muda si mrefu alikuwa tena milimani, safari hii Alps, akijipima kama mwili bado unakubali.

Kisha alirudi Kenya. Bei ya kahawa ilikuwa mbaya, dunia nzima ilikuwa kwenye mdororo wa uchumi. Akajaribu kutafuta dhahabu Kakamega, ambako watu wengi walikuwa wamekimbilia. Hakutajirika.

Ndipo akakumbuka deni lake la Kibo. Akaenda Kilimanjaro peke yake, akapita ule ukingo uliomgeuza mwaka 1930, na kufika kileleni. Ingekuwa rahisi kusema 1930 alishindwa. Lakini kama angelazimisha siku ile, huenda hiyo 1933 asingeiona.

Pauni 6 na siku 56

Sasa alikuwa na miaka 35, bila mke, bila mtoto, na Kenya imemchosha. Wengi wa kaliba yake walirudi kwao kwa meli kutoka Mombasa. Yeye akaamua kuondokea upande wa pili wa bara.

Alifikiria gari, lakini gari ni gharama, na likiharibika porini ni mzigo. Waafrika wa Uganda walikuwa tayari wanatumia baiskeli kila siku kwenye njia zao. Kama inawafaa wao, kwa nini isimfae yeye?

Akanunua yake Kampala. Septemba 1933 akaanza kukanyaga. Alipita Uganda, akaingia Kongo ya Wabelgiji, akakata misitu hadi makoloni ya Wafaransa, kisha Kamerun. Baada ya siku 56 akawa Kribi, bahari ya Atlantiki mbele yake. Ukigawa, ni wastani wa kilomita 86 kwa siku, ukihesabu na siku za kupumzika.

Wana Mikindani wanalo jambo la kulinganisha. David Livingstone aliposhuka hapo mwaka 1866 kuelekea Ruvuma, msafara wake ulikuwa na watu zaidi ya 30, pamoja na ngamia, nyati na punda. Tilman alikuwa na magurudumu mawili. Njia zilikuwa zimebadilika, ni kweli, lakini na mtu mwenyewe alikuwa wa aina nyingine. Alipenda mzigo mdogo, watu wachache na chakula kinachopatikana njiani.

Habari za miaka yake ya Afrika aliziandika katika kitabu Snow on the Equator, kilichotoka mwaka 1937.

Somo la Kibo lafika Everest

Falsafa hiyo ya mzigo mdogo ndiyo iliyompa jina duniani. Mwaka 1934 yeye, Shipton na Washerpa watatu, Ang Tharkay, Pasang na Kusang, walipenya bonde lililozunguka mlima Nanda Devi, India, ambalo lilikuwa limewashinda wengi. Tarehe 29 Agosti 1936 Tilman na Noel Odell wakasimama juu ya mlima huo wenye mita 7,816. Kwa miaka 14 hakuna kilele kirefu kuliko hicho kilichopandwa na binadamu.

Mwaka 1938 alikabidhiwa kuongoza msafara wa Everest. Aliuendesha kwa gharama ndogo sana kuliko misafara iliyotangulia. Walipita mita 8,200. Lakini theluji ya masika ilianguka mapema na kwa wingi, ikawafika kiunoni.

Ilikuwa Kibo ya 1930 tena, ila kubwa zaidi. Tilman akafanya alichofanya Kibo: akageuka, na watu wake wakashuka salama.

Bahari haikumrudisha

Vita Kuu ya Pili ilipofika alirudi jeshini. Akiwa na miaka 45 aliruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege kwenda kuwasaidia wapiganaji wa msituni Albania, kisha Italia kaskazini.

Umri ulipoanza kumbana milimani, aligeukia bahari. Kuanzia miaka ya 1950 alisafiri na mashua ya tanga iliyoitwa Mischief, akienda Patagonia, Greenland na kwingine kwenye barafu. Mischief ilizama mwaka 1968, iliyofuata ikazama 1972. Kila mara alinusurika na kutafuta nyingine.

Mwaka 1977, akiwa na miaka 79, alikubali kusafiri kwenye chombo cha En Avant. Safari hii hakuwa kiongozi. Kiongozi alikuwa kijana, Simon Richardson, aliyetaka kufika kisiwa cha Smith, karibu na Antaktika. Novemba waliondoka Rio de Janeiro kuelekea visiwa vya Falkland.

Hawakuonekana tena, chombo wala watu.

Wavuvi wa Ruvuma wanaijua hali hiyo ya kungoja tanga lisilotokea. Mlimani Tilman aliweza kusimama, kuipima theluji kwa mguu na kuamua kurudi. Kule kusini, katikati ya maji, huenda hata nafasi ya kugeuka haikuwepo.