Apolo Kivebulaya: Mtu wa Mungu Aliyehitaji Watu

Karibu kila tunapozungumzia maisha ya imani katika kipindi chetu cha Jumapili asubuhi, kuna ujumbe mmoja unaorudi kwenye simu ya studio kwa maneno tofauti tofauti. Mtu anaeleza kwamba aliumizwa kanisani. Pengine ni habari za michango, pengine ni neno alilotupiwa na mzee wa kanisa mbele za watu. Sasa ameamua kubaki nyumbani na Biblia yake na redio yake. Anauliza: je, hiyo haitoshi? Si Mungu yuko kila mahali?

Hatutaki kujibu swali hilo kwa mahubiri. Wahubiri tunao wengi. Leo tunawaletea habari za mtu mmoja ambaye Wakristo wa Uganda na wa mashariki ya Kongo wanamkumbuka hadi leo, aliyekuwa na kila sababu ya kusema kwamba watu amewachoka na Mungu peke yake anamtosha. Jina lake ni Apolo Kivebulaya.

Kulwa mwenye koti jekundu

Apolo alizaliwa Buganda, katika jimbo la Singo, yapata mwaka 1864. Walizaliwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akaitwa Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Kwetu tungemwita Kulwa. Ujana wake ulikuwa wa fujo. Miaka ile Buganda ilichanika vipande vipande. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwaua vijana wengi Wakristo, kisha kuanzia mwaka 1888 vikafuata vita vya makundi ya dini. Waswa naye alibeba silaha katika vita hivyo, na kwa muda alikuwa upande wa Waislamu kabla ya kuvutwa na mafundisho ya Wakristo.

Hakufika kwa Kristo kwa njia ya peke yake. Alifundishwa kusoma, na kwa Waganda wa wakati ule kusoma na kuamini vilikwenda pamoja, hata Wakristo wakaitwa wasomaji. Mwishoni mwa mwaka 1893 kulitokea uamsho katika Kanisa la Anglikana huko Buganda, na baada yake waumini wengi wakajitoa kwenda kufundisha sehemu za mbali. Katika wimbi hilo Waswa akabatizwa mwezi Januari 1895, akapewa jina Apolo. Jina la Kivebulaya lilitokana na koti jekundu la kiaskari alilopenda kuvaa. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimtania kwa lile koti, na utani ukageuka jina.

Mwaka huo huo wa 1895 alitumwa Toro, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Hapa tusimame kidogo. Neno ni alitumwa. Hakuondoka kwa kuwa aliota ndoto akafunga mzigo. Kanisa lilimchagua na kumtuma. Tena walimu wa aina yake hawakuwa wakilipwa na wazungu. Waumini wa Uganda ndio waliowatunza walimu wao kwa michango yao wenyewe, hata kama ilikuwa midogo. Nyuma ya kila hatua ya Apolo palikuwa na mtu aliyetoa sehemu ya alichokuwa nacho.

Ng'ambo ya Semliki

Kutoka Toro, ukiuzunguka mlima na kushuka bonde la mto Semliki, kisha ukapanda tena upande wa magharibi, unafika Mboga. Leo mahali hapo pako Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na panaandikwa Boga. Zaidi yake unaanza msitu mkubwa wa Ituri. Chifu wa Mboga aliitwa Tabaro.

Apolo alipovuka kwenda Mboga mwaka 1896, hakuwa wa kwanza. Walimu wa Kiganda walikwishatangulia, na walilazimika kuondoka kwa sababu ya njaa. Wenyeji walinyimwa ruhusa ya kuwapa chakula. Msikilizaji wa kijijini anajua maana ya jambo hilo. Mgeni anayenyimwa chakula kijijini ameambiwa aondoke, hata kama hakuna aliyefungua mdomo.

Tukisimulia habari za Apolo, mara nyingi tunawasahau wale waliotangulia, kwa sababu walishindwa. Lakini wao ndio waliofungua njia. Kwa sababu yao Mboga ilijua kwamba kuna watu wanaitwa wasomaji, na Apolo alijua ni shida gani inamngojea. Alishika jembe akalima chakula chake mwenyewe, huku akifundisha. Wachache wakaanza kumsikiliza.

Mkuki uliofichika

Kisha likatokea jambo baya. Watu walipokuwa katika kazi ya kujenga kanisa, dada yake Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umefichika kwenye majani, akafa. Ilikuwa ajali. Lakini Apolo ndiye mwenye kazi, ndiye mgeni, na chifu alikuwa tayari hampendi. Akashitakiwa kwa kifo hicho. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa Toro mikononi mwa serikali ya Waingereza, akawekwa kifungoni kama mwuaji.

Katika siku hizo za kipigo na minyororo ndipo lilipotokea jambo ambalo Apolo alilisimulia maisha yake yote. Alisema alimwona Yesu Kristo akimtokea, aking'aa kama jua, akimtia moyo asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye. Kila mtu ana haki ya kulipokea simulizi hilo kwa namna yake. Sisi tunachoweza kukisema kwa uhakika ni kile kilichoonekana kwa macho ya watu baadaye: yule mtu hakuogopa tena.

Hapa ndipo maisha ya Apolo yanapogusa swali la wasikilizaji wetu. Aliachiwa huru. Alikuwa amemwona Bwana wake mwenyewe. Kama kuna mtu angeweza kusema kwamba sasa mimi na Mungu wangu tunatosha, ni yeye. Angeweza kubaki Toro, mahali palipokuwa na kanisa, chakula na marafiki, na hakuna ambaye angemlaumu.

Apolo alirudi Mboga. Alirudi kwa watu wale wale waliompiga, kwa chifu yule yule aliyemtoa akiwa amefungwa. Na Tabaro, alipoona kwamba mtu huyu amerudi bila kutafuta kisasi, moyo wake ukageuka. Aliomba kufundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo. Adui wa kanisa la Mboga akawa mmoja wa nguzo zake. Mkono uliompiga Apolo ndio uliokuja kumshika.

Kanisa halikumwangalia mtu mmoja

Mwaka 1900 Apolo alifanywa shemasi, na mwaka 1903 akawa kasisi. Kwa miaka mingi iliyofuata alitumikia Toro, akienda kwa miguu kijiji hadi kijiji. Wakati huo serikali za kikoloni zilikuwa zikibishana juu ya mpaka, na Mboga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wakristo wa kule wakabaki ng'ambo ya mpaka, mbali na viongozi wao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Apolo alirudi kwao, na huko ndiko alikomalizia maisha yake.

Hakuwa na mali ya kuhesabu. Nyumba yake ilijaa vijana aliowalea na kuwafundisha, na hao ndio aliowatuma kama walimu katika vijiji vya kandokando ya msitu. Kuanzia mwaka 1921 alianza kuwafikia Wambuti, watu wafupi wa msitu wa Ituri, ambao majirani zao wengi waliwadharau. Mzee huyu, aliyekaribia miaka 60, aliingia msituni akakaa nao. Lakini hata huko asingefika bila watu wa kumwonyesha njia na kumtafsiria lugha. Msituni mgeni asiye na mwenyeji hufika palipoishia macho yake tu.

Katika miaka yake ya mwisho kanisa lilimpa heshima ya kuwa kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, kule Kampala. Hakuhamia mjini kuifurahia heshima hiyo. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambao Injili ilikuwa haijafika, badala ya mashariki kwao Buganda. Wenzake wakafanya hivyo. Hata ombi hilo la mwisho lilihitaji mikono ya watu wengine.

Na kazi yake haikufa. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake pale Mboga. Mwaka 1972 Boga ilikuwa dayosisi, na mwaka 1992 Waanglikana wa Kongo wakawa jimbo kamili. Kama kila kitu kingemtegemea Apolo peke yake, kingezikwa naye.

Tukirudi kwenye ujumbe wenu

Hatumwambii mtu aliyeumizwa kwamba jeraha lake ni dogo. Apolo alipigwa kweli, tena akisingiziwa. Hakusema kwamba haikuuma, wala hatujui kwamba alirudi Mboga akiwa hana hofu hata chembe siku ile ya kwanza njiani. Tunachokiona ni kwamba kumtegemea Mungu hakukumpa Apolo ruhusa ya kuwakimbia watu. Kulimpa nguvu ya kuwarudia. Alihitaji waliomfundisha, waliomtuma, waliomlisha, waliotangulia wakashindwa, na mwisho akamhitaji hata Tabaro.

Pengine kwako kurudi si kwenye mkusanyiko mkubwa wiki hii. Pengine ni kwenda kwa jirani mmoja jioni na kumwomba msali pamoja. Pengine, kwa upande mwingine, wewe ndiye uliyesema lile neno, na kuna mtu ambaye kiti chake kimekuwa wazi tangu siku hiyo. Basi usingoje arudi mwenyewe. Unaijua njia ya kwake.